Nitrojeni kwenye utando wa kathodi: ipimwe kwa kaboni inayoondoa

Ukisoma tafiti za betri za sodiamu za miaka kumi iliyopita, utaiona grafu ileile hadi uizoee. Mhimili mmoja ni kasi ya kutoa chaji, mwingine ni chaji inayopatikana, na katikati kuna mistari miwili. Wa chini ni wa kathodi, yaani upande chanya wa betri, iliyofunikwa kwa kaboni ya kawaida. Wa juu ni wa kathodi iliyofunikwa kwa kaboni iliyotiwa nitrojeni. Kwenye kasi ya kawaida mistari hiyo karibu inagusana. Kadiri kasi inavyopanda ndivyo inavyoachana, na ikifika kasi ya kumaliza chaji yote kwa dakika mbili, wa chini umeshaporomoka na wa juu bado uko hewani. Maelezo yanayofuata ni yaleyale: nitrojeni imeongeza upitishaji wa umeme.

Grafu siibishii. Nabishana na maelezo yake, na zaidi ya hapo nabishana na swali ambalo grafu hiyo imechaguliwa kulijibu. Ukiacha masoko machache yanayotaka nguvu nyingi za ghafla, hakuna anayeitafuta betri ya sodiamu ili aimalize kwa dakika mbili. Inatafutwa kwa bei, kwa usalama na kwa wingi wa malighafi, na udhaifu wake unajulikana na kila aliyewahi kuishika: kwa kila kilo na kwa kila lita, inabeba nishati kidogo kuliko ya lithiamu. Kaboni iliyopakwa juu ya kathodi haihifadhi chaji yoyote ya maana. Inachukua uzito, inachukua nafasi, na tunaivumilia kwa sababu bila hiyo kathodi haifanyi kazi. Basi msimamo wangu ni huu: nitrojeni, boroni au salfa inayotiwa kwenye utando inastahili gharama yake pale tu inapotuwezesha kutumia kaboni kidogo zaidi. Kasi iliyoongezeka huku kaboni ikibaki ileile ni habari ya kufurahisha maabara.

Ili hoja hiyo isimame, lazima kwanza tukubaliane tunazungumzia kathodi zipi. Sodiamu ina ioni kubwa kuliko lithiamu, nusu kipenyo chake kikiwa takriban angstromu 1.02 dhidi ya 0.76, atomi yake ni nzito zaidi ya mara tatu, na kwenye ngazi ya volti iko nyuma kwa karibu theluthi moja ya volti. Kwa upande wa faida, ganda la dunia lina sodiamu zaidi ya asilimia 2, wakati lithiamu ni sehemu zipatazo 20 tu kwa milioni. Tena sodiamu haiungani na alumini kwenye volti za chini, kwa hiyo karatasi ya shaba inayobeba anodi (upande hasi) za betri za lithiamu inaweza kuachwa na mahali pake pakawekwa alumini, ambayo ni nyepesi na nafuu. Hayo yamesemwa mara nyingi. Linalosahauliwa ni kwamba kathodi za sodiamu ni makundi matatu yasiyofanana kabisa: oksidi za matabaka, jamaa za buluu ya Prussia, na fosfati pamoja na ndugu zake.

Utando wa kaboni unaozaliwa tanurini unalifaa kundi la tatu tu. Oksidi za matabaka zenye manganisi, nikeli na chuma huokwa kwenye hewa yenye oksijeni. Ukizichanganya na sukari kisha ukafukuza hewa, kaboni inayotokea itainyang'anya oksidi oksijeni yake, na mwisho wa siku utatoa tanurini kitu ambacho hukukikusudia. Ndiyo maana wahandisi wa kundi hilo hupendelea kupaka alumina au fosfati, tena shida yao kubwa ni unyevu wa hewa na mipasuko ya fuwele kuliko uhaba wa elektroni. Buluu ya Prussia nayo imejengwa kwa sianidi, haivumilii joto la kuunguza sukari. Anayetaka kaboni humo huiotesha buluu yenyewe juu ya kaboni iliyokwisha kutengenezwa. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kathodi za sodiamu zinahitaji kaboni iliyotiwa nitrojeni, mwulize ni kathodi gani. Kwenye makundi mawili kati ya matatu, sentensi yake haina pa kusimama.

Kwenye fosfati ina pa kusimama, na sababu zake zinapendeza kuzifuatilia. Chukua Na3V2(PO4)3, fosfati ya sodiamu na vanadi ambayo wataalamu huiita NVP kwa kifupi. Mifupa yake ni ya ukoo wa NASICON, ulioelezwa mwaka 1976 na John Goodenough na Henry Hong walipokuwa wakitafuta yabisi inayopitisha ioni za sodiamu. Ndani yake kuna njia pana zinazoelekea pande zote tatu, kwa hiyo ioni haina shida ya kutembea. Mwenye shida ni elektroni. Kila nguzo ya vanadi imezungukwa na oksijeni, na kati ya nguzo moja na nyingine kimekaa kikundi cha fosfati ambacho hakimpi elektroni daraja la kuvukia. Una nyumba yenye milango mipana kwa mgeni mmoja na ukuta mtupu kwa mwenzake, na betri haikubali mmoja aingie peke yake: kila ioni ya sodiamu inayoingia lazima ifuatwe na elektroni moja kutoka upande wa waya.

Kaboni inaingia hapo, na inaingia kwa kazi tatu kwa mpigo. Kwanza inawapa elektroni njia ya nje, juu ya ngozi ya chembe. Pili, tanurini, inaipunguzia vanadi oksijeni. Malighafi ya kawaida ina vanadi ya daraja la tano na tunaitaka ishuke hadi la tatu, na kaboni inasaidia kuishusha. Tatu, inakaa kati ya chembe na chembe kama kizuizi, zisishikamane na kukua. Kazi hii ya tatu haitajwi sana, nayo huenda ndiyo yenye athari kubwa kuliko zote. Muda ambao ioni inahitaji kusafiri kutoka katikati ya chembe hadi nje unafuata mraba wa umbali: punguza nusu kipenyo cha chembe kwa nusu, na muda unashuka hadi robo. Mwaka 2012 kundi la watafiti wa Taasisi ya Fizikia ya Chuo cha Sayansi cha China lilionyesha NVP iliyofunikwa kwa kaboni ikifanya kazi vizuri ndani ya betri ya sodiamu, na tangu hapo mlango ukafunguka. Kilichofuata ni wimbi la watu waliobadilisha malighafi ya kaboni: glukosi kwa asidi ya sitriki, asidi ya sitriki kwa dopamini, dopamini kwa melamini, na kila badiliko likatoa grafu.

Kabla ya kuuliza nitrojeni inafanya nini, inafaa kukumbuka kwamba mgogoro huu wa nani hasa amefanya kazi umewahi kutokea, tena kwenye kathodi iliyo jirani kabisa. Fosfati ya chuma na lithiamu, LFP, iliandikwa kwa mara ya kwanza kama kathodi mwaka 1997 na Akshaya Padhi, Nanjundaswamy na Goodenough. Ilikuwa nafuu na salama, lakini upitishaji wake wa elektroni ulikuwa wa kiwango cha sehemu moja ya bilioni ya siemensi (kipimo cha upitishaji) kwa sentimita, yaani karibu na kihami, kitu kisichopitisha umeme. Mwaka 1999 Nathalie Ravet, Michel Armand na wenzao walionyesha kwamba ngozi nyembamba ya kaboni inaiamsha. Kisha mwaka 2002 kundi la Yet-Ming Chiang kule chuo cha MIT nchini Marekani likatangaza njia nyingine: kuchanganya kiasi kidogo cha metali kama niobi ndani ya fuwele yenyewe, na upitishaji ukapanda mara milioni mia moja. Hilo lilikuwa dai zito. Wapinzani wakajibu haraka kwamba malighafi zilizotumika zilikuwa na kaboni ya kutosha kuacha masalia. Mwaka 2004 kundi la Linda Nazar, kule Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, likaonyesha jambo la tatu: kwenye joto kali, kaboni inaweza kuipunguza fosfati hadi ikageuka fosfidi ya metali, nayo hupitisha umeme vizuri mno, ikajisambaza kama nyuzinyuzi kwenye mipaka ya chembe. Maelezo matatu kwa unga mmoja mweusi, na yote yangeweza kutoa grafu ileile.

Somo la mabishano yale halikuwa nani alishinda. Lilikuwa kwamba tanuri linabadilisha mambo mengi kwa wakati mmoja, na aliyepanga kubadilisha jambo moja hana uhakika kwamba amebadilisha hilo tu. Katika tafiti za kaboni iliyotiwa nitrojeni naona somo hilo limeanza kusahaulika.

Basi nitrojeni inafanya nini? Atomi ya nitrojeni ina elektroni moja zaidi ya kaboni. Ikikaa ndani kabisa ya karatasi ya kaboni, imezungukwa na kaboni tatu, inachangia elektroni ya ziada kwenye bahari ya elektroni zinazotembea; hiyo huitwa nitrojeni ya grafiti. Ikikaa pembeni au kando ya tundu ndani ya pete ya atomi sita, huitwa nitrojeni ya piridini. Ikikaa ndani ya pete ya atomi tano, ni ya piroli. Hizi mbili za mwisho haziongezi sana elektroni zinazotembea, ila huja na matundu na kingo, na hesabu za kompyuta zinaonyesha kwamba ioni ya sodiamu hupenda kukaa karibu nazo. Kwa maneno mengine, nitrojeni ya aina moja humsaidia elektroni na nitrojeni ya aina nyingine humsaidia ioni kupenya utando. Boroni ina elektroni moja pungufu, kwa hiyo inasaidia kwa kuacha nafasi tupu ambayo elektroni za jirani zinaijaza. Salfa ni atomi kubwa. Kazi yake zaidi ni kuzisukuma karatasi za kaboni ziachane. Fosforasi nayo ina watetezi wake.

Sasa tazama joto. Nitrojeni ya grafiti, ile inayoongeza elektroni, huongezeka tanuri likipanda. Lakini tanuri likipanda nitrojeni yote kwa jumla hupungua, kwa sababu inatoroka kama gesi. Ya piroli ndiyo ya kwanza kuyumba. Sehemu yake hugeuka kuwa ya piridini au ya grafiti, sehemu hupotea. Wakati huohuo kaboni yenyewe, hata isiyo na nitrojeni, inajipanga vizuri zaidi. Upitishaji wa kaboni iliyotokana na sukari hupanda kwa ngazi kadhaa, kila ngazi ikiwa mara kumi, kati ya nyuzi 500 na nyuzi 800 za Selsiasi bila kutiwa chochote. Kwa hiyo kwenye nyuzi 800, ambako NVP huokwa kwa kawaida, nitrojeni iliyobaki ni chache na kaboni iliyoko tayari ni kipitishi cha kuridhisha. Pale ambapo nitrojeni inasaidia elektroni zaidi ndipo haihitajiki sana.

Hapa hesabu ndogo inafaa. Chukua kathodi yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, na mkondo wa miliampia 3 kwa kila sentimita ya mraba, ambao ni mkondo wa kawaida kwa betri ya kiwandani inayotoa chaji kwa saa moja. Kama unga wote ungekuwa na upitishaji ule wa LFP tupu, sehemu moja ya bilioni ya siemensi kwa sentimita, ungehitaji volti 30,000 kuusukuma mkondo huo uvuke. Bila shaka haiwezekani. Ndiyo maana kaboni inahitajika. Sasa upandishe upitishaji hadi sehemu moja ya mia ya siemensi, kiwango ambacho kaboni ya kawaida iliyookwa vizuri na kusambaa vizuri inakifikia. Volti inayopotea ni milivolti 3. Mwite sasa mtaalamu wa nitrojeni auongeze upitishaji mara tatu zaidi. Ataokoa milivolti 2, kwenye betri ya volti 3.4. Hata ukiharakisha utoaji wa chaji mara kumi, ataokoa milivolti 20. Hazitoshi kueleza pengo lile kubwa kwenye grafu. Kitu kingine kimebadilika.

Na vitu vya kubadilika viko vingi. Ukiondoa glukosi ukaweka dopamini, hujaweka nitrojeni tu. Dopamini hujiunga yenyewe kuwa polima inayong'ang'ania juu ya chembe kama gundi, kwa hiyo utando unakuwa sawia zaidi, hauna vipara. Sukari huyeyuka, hutoa povu na kuacha mafungu. Utando sawia unazuia chembe kukua, chembe zinabaki ndogo, na umbali wa ioni unapungua. Kiasi cha kaboni kinachobaki baada ya kuokwa nacho kinatofautiana kati ya malighafi hizo mbili, hata kama mwanzoni ulipima uzito sawa. Mambo hayo, yaani usawa wa utando, ukubwa wa chembe na asilimia ya kaboni, yote yanatosha kuinua mstari wa juu bila msaada wa atomi hata moja ya nitrojeni. Huenda nitrojeni ilisaidia. Huenda ilikuwa abiria.

Jaribio la kutenganisha linajulikana na si la ajabu. Unahitaji sampuli mbili zenye asilimia sawa ya kaboni, unene sawa wa utando, chembe za ukubwa sawa na mpangilio unaolingana wa kaboni, zikitofautiana kwa nitrojeni peke yake. Unene unauona kwa hadubini ya elektroni. Mpangilio unaupima kwa Raman, kipimo cha mwanga wa leza unaotawanywa na sampuli, ukilinganisha vilele vya karibu na mawimbi 1350 na 1580 kwa sentimita, ingawa uwiano wa vilele hivyo kwenye kaboni iliyovurugika sana hudanganya kuliko watu wanavyokubali. Aina za nitrojeni zinasomwa kwa eksirei zinazong'oa elektroni: ya piridini karibu na elektroni-volti 398, ya piroli karibu na 400, ya grafiti karibu na 401. Hata hapo, kuna uhuru mkubwa wa kuchora vilele vitatu chini ya nundu moja yenye kelele.

Kipimo cha kaboni kina mtego wake, nami nitakaa hapo kidogo kwa sababu hoja yangu yote inategemea namba hiyo. Njia rahisi ni kuunguza sampuli hewani na kuona uzito uliopotea. Lakini vanadi na chuma, vikiunguzwa hewani, vinameza oksijeni na kuongezeka uzito. Kaboni inaondoka huku oksijeni ikiingia, na mizani inaonyesha tofauti tu. Asiyelipia hesabu hiyo ataripoti kaboni pungufu kuliko iliyopo. Kichambuzi cha elementi, kinachoikamata kaboni yenyewe kama gesi ya kaboni dioksidi, hakina tatizo hilo. Utafiti unaodai utando mwembamba na ukatumia mizani peke yake nausoma kwa tahadhari.

Kwa nini asilimia hiyo ni nzito hivyo? NVP kwa nadharia inahifadhi miliampia-saa 117.6 kwa gramu. Ukiwa na kaboni asilimia 8, kila gramu ya unga unaouweka kwenye betri inabaki na takriban 108. Ukishuka hadi asilimia 2, inapanda hadi 115. Na hiyo ni kwa uzito, ambako kaboni inaonekana mpole. Kwa ujazo hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa kaboni ya aina hii ina msongamano wa karibu gramu 2 kwa sentimita ya ujazo wakati NVP ina zaidi ya 3: asilimia 8 ya uzito ni kama asilimia 12 ya nafasi, hapo bado hujahesabu vinyweleo. Kaboni yenye vinyweleo vingi, ile inayosifiwa kwa eneo kubwa la uso, inafyonza zaidi elektroliti, yaani kimiminika kinachobeba ioni, na kuufanya unga uwe mwepesi usioshindilika. Eneo hilo kubwa pia ni uwanja wa elektroliti kuoza. Mwenye kiwanda analiona hilo siku ya kwanza unga unapofika kwenye mashine ya kushindilia. Maabara inaweza isilione kamwe, kwa sababu kathodi zake nyingi hupakwa miligramu chache tu kwa sentimita ya mraba na hupimwa dhidi ya sodiamu ya metali, ambayo ni ghala lisiloisha na linaloficha upotevu wowote wa sodiamu.

Hapo ndipo nitrojeni inaweza kupata kazi ya heshima. Rudi kwenye ile hesabu ya milivolti. Ukipunguza kaboni kutoka asilimia 8 hadi 2 au chini yake, utando unakuwa wa nanomita mbili tatu, miguso kati ya chembe inakuwa haba, na upitishaji wa unga mzima unaweza kushuka hadi sehemu moja ya elfu au ya elfu kumi ya siemensi. Kwenye kiwango hicho, kwa kathodi ileile, upotevu unakuwa milivolti 30 hadi 300, na kuuongeza upitishaji mara tatu si jambo dogo tena. Sifa ya dopamini na polima nyingine zenye nitrojeni za kufunika bila kuacha vipara nayo inakuwa na thamani kuliko wakati wa utando mnene, ambao hufunika vipara vyake kwa wingi tu. Ikiwa faida hiyo itatokana na nitrojeni au na tabia ya gundi, mhandisi hatajali sana. Mwandishi wa utafiti anapaswa kujali.

Mfano ulio bora zaidi, kwa maoni yangu, hauko kwenye vanadi kabisa. Uko kwenye Na4Fe3(PO4)2P2O7, fosfati mchanganyiko ya chuma inayoitwa NFPP. Kwa nadharia inahifadhi miliampia-saa 129 kwa gramu kwenye wastani wa volti 3.1, hivyo nishati yake inakaribia wati-saa 400 kwa kilo ya kathodi, sawasawa na NVP. Ujazo wake unabadilika kwa chini ya asilimia 4 ikitoa na kupokea sodiamu, wakati NVP hubadilika kwa takriban asilimia 8. Na haina vanadi, metali ambayo oksidi yake ni sumu na bei yake huyumba na soko la vyuma vigumu. Sielewi kwa nini betri inayojinadi kwa malighafi za kawaida iendelee kutangazwa kwa tafiti za vanadi, isipokuwa kwamba NVP ni rahisi kutengeneza na haina aibu mbele ya grafu.

NFPP ina ugumu mmoja unaolihusu somo letu moja kwa moja: huokwa kwenye nyuzi 500 hadi 550 hivi. Ukipanda sana inavunjika na kuanza kutoa fosfati nyingine za chuma zisizofanya kazi. Sasa kumbuka kwamba kaboni ya sukari inavuka kutoka kihami kwenda kipitishi kati ya nyuzi 500 na 800. NFPP inakomea upande mbaya wa mlima huo. Utando wake ni kaboni mbichi, yenye oksijeni na hidrojeni nyingi ndani yake, isiyopitisha umeme vizuri, na njia iliyozoeleka ya kufidia ni kuongeza wingi. Hapa ndipo atomi ngeni kama nitrojeni zingepaswa kujaribiwa kwa bidii. Joto ni dogo kiasi kwamba nitrojeni haitoroki, kwa hiyo inabaki nyingi. Tatizo ni kwamba inabaki kwa sura ya piridini na piroli, ambazo ndizo zisizoongeza sana elektroni. Swali zuri la utafiti limejificha hapo: ni malighafi gani inayoweza kutoa pete zilizounganika vizuri, na nitrojeni ndani yake, bila kuvuka nyuzi 550? Polima ambazo tayari zina pete zilizojipanga kabla ya kuingia tanurini zinaonekana kuwa na nafasi kuliko sukari na yurea. Swali hilo halitoi grafu ya dakika mbili, ila jibu lake lingetumika kiwandani.

Mpinzani ana majibu mawili mazito, na ni haki kuyataja. La kwanza ni mirija ya kaboni. Kiwanda kinaweza kununua mirija ya nanomita iliyokwisha kutengenezwa kwenye joto kali, kikaichanganya asilimia moja au pungufu ndani ya tope la kathodi, na kikapata njia ndefu za elektroni bila kuhangaika na nitrojeni. Hili linapunguza sana nafasi ya utando uliotiwa atomi ngeni, ingawa halimalizi: mirija inaunganisha chembe na chembe, haifuniki ngozi ya kila chembe, na kwa NFPP yenye chembe ndogo ngozi ndiyo kila kitu. La pili ni gharama na hewa ya tanuri. Dopamini ni ghali mno kwa tani. Yurea na melamini ni nafuu, lakini malighafi zenye nitrojeni zikiungua bila oksijeni hutoa amonia na wakati mwingine sianidi ya hidrojeni, na mwenye tanuri lazima ajenge mfumo wa kuzisafisha. Gharama hiyo haionekani kwenye utafiti wa gramu tano za unga.

Soko nalo limekaza kamba. Mwishoni mwa mwaka 2022 kaboneti ya lithiamu nchini China ilikaribia yuani 600,000 kwa tani. Mwanzoni mwa 2024 ilikuwa chini ya yuani 100,000. Sababu ya bei iliyowavuta wengi kwenye sodiamu ikayeyuka ndani ya miezi. Kampuni ya betri ya Northvolt, iliyokuwa imetangaza seli ya sodiamu ya wati-saa 160 kwa kilo mwaka 2023, iliomba kufilisiwa nchini Sweden Machi 2025. Natron ya Marekani, iliyojenga juu ya buluu ya Prussia, ilifunga shughuli Septemba mwaka huohuo. Upande wa pili CATL, kampuni ya betri ya China, ilitangaza Aprili 2025 seli ya sodiamu ya wati-saa 175 kwa kilo. Katika ushindani huo, asilimia sita za kaboni isiyohifadhi chaji ni nyingi.

Ningependa kuona jedwali moja dogo kwenye kila utafiti wa utando uliotiwa atomi ngeni kabla ya grafu ya kasi: asilimia ya kaboni iliyopimwa kwa kichambuzi cha elementi, msongamano wa unga baada ya kushindiliwa, na chaji kwa sentimita ya ujazo kwenye kathodi yenye angalau miligramu 10 kwa sentimita ya mraba, ikikabili anodi ya kaboni ngumu badala ya sodiamu ya metali. Kando yake iwekwe sampuli isiyo na nitrojeni yenye kaboni ileile kwa asilimia na kwa unene. Kama NFPP yenye kaboni asilimia 1.5 iliyotiwa nitrojeni itaishinda NFPP yenye asilimia 5 ya kaboni ya sukari kwenye safu ile ya sentimita ya ujazo, kwa kasi ya kawaida ya saa moja, mjadala kuhusu thamani ya nitrojeni utakuwa umepata namba ya kuuanzia.